Mchwa Wameila Edinburgh

Leo nimelishusha kopo la biskuti kutoka kidakani.
Tikiti za rangi ya chungwa zimevimba kwa unyevu,
zimeshikana kama daftari lililonyeshewa.
Nazibandua moja moja kwa ukucha,
nazipanga mkekani, na Lali anasoma
kwa miwani yenye mkono mmoja:
Leeds. York. Carlisle.
“Na Edinburgh?”
Mchwa wameila Edinburgh.
Zimebaki herufi tatu, na bei.

“Hapo Carlisle ndipo ulipopoteza ndara.”
Si Carlisle, nasema. Crewe.
Wala sikuipoteza. Ilimezwa.

Nuru alikuwa akilala mchana, akiuguza watu usiku,
akatuandikia kwenye karatasi, herufi kubwa kubwa:
PANDENI HAPA. MSILALE. SHUKENI YORK.
Sisi wa mji usio na gari,
tuliozoea kuwapisha punda kwa kubana matumbo ukutani,
tukapanda basi la ghorofa, tukakaa juu, mbele kabisa,
matawi yakikipiga kioo vibao
na Lali akiinamisha kichwa kila daraja
mpaka watoto wa nyuma wakaanza kuinama naye.

Dereva, mwanamke wa makamo, mikono kama ya muoka mofa,
alimwita “kipenzi” akimrudishia chenji.
Alinyamaza vituo sita.
Kisha: “Umesikia alivyoniita?”
Nikamwambia amewaita wote, hata yule mwenye mbwa.
Hakupenda.

Asubuhi ya treni ya kwanza niliingia behewani nikasema
sabalkheri,
kama mtu aingiavyo pahali penye watu.
Behewa zima likatazama viatu.
Nikasema tena. Mimi mtoto wa Langoni,
salamu yangu sirudi nayo nyumbani.
Mzee mmoja akavua kofia.
Mmoja anatosha.

Kondoo walikuwa na rangi mgongoni, nyekundu, buluu,
kama kila mmoja kaolewa ukoo wake.
Tuliswali tumekaa; treni ikakata kona,
kibla ikatuhama, dirishani hadi mlango wa choo,
Lali akageuka nayo polepole, kama feni.
Na Inverness yuwa likagoma kabisa.
Saa nne za usiku lingali juu ya mapaa,
nasi benchini tumeikalia Maghribi
kama wadai mlangoni pa mtu.

Na Crewe, naam, Crewe:
sauti ya mwanamke asiyeonekana ilituonya.
Nuru alikwisha tufasiria: “Anasema mchunge pengo.”
Lali akacheka, maana pengo langu la mbele
amelichunga yeye miaka kumi na miwili,
tangu kashata ya Idi iling’oe jino.
Nami kwa kucheka naye
ndara yangu ya kushoto ikatumbukia
kati ya treni na sakafu ya stesheni,
ikakaa kule chini relini, imetazama juu.
Treni ikaondoka na sisi tumesimama,
mguu mmoja wangu juu ya kiatu cha Lali.
Kijana akaja na mkono mrefu wa chuma,
akaivua kama mtu avuaye pweza mwambani.

“Carlisle,” asema Lali.
Ndara ninayo bado. Haina jina la kituo.

Jumanne Nuru alipiga simu: njooni tena, wakati wa joto.
Sikumwambia kwamba baba yake sasa
huzihesabu ngazi za nyumba hii, kumi na nne,
na hupumzika ya tisa.
Nilisema tutaona.

Adhana. Miwani anaitia ndani ya kopo,
York anaitia mfukoni.
Kizingitini, pale panaposhuka kidogo kuelekea uchochoroni,
nampa mkono. Punda wa saruji anapita,
tunabana matumbo.
“Pengo,” namwambia.
“Carlisle,” anajibu.